Mungu Akipenda, Mwaka 2077

Daftari lilikuwa la kurasa 48, jalada limelowa mvua pembeni, na hadithi ilianzia katikati, nyuma ya mazoezi ya kemia. Mwenye daftari ni mwanafunzi wangu wa mwaka wa tano. Nilikuwa nimewapa kazi ya utungo, waandike kuhusu mji wetu wa Goma siku watakapokuwa wazee. Wengi waliandika barabara za lami, umeme usiokatika, amani. Ni darasa ambalo tangu vita viingie mjini Januari 2025 halijatimia hata siku moja, kwa hiyo sikushangaa. Huyu mmoja aliandika kengele.

Katika hadithi yake ni mwaka 2077, miaka mia tangu volkano yetu ya Nyiragongo ipasuke mara ile ya 1977. Kila kiwanja, kuanzia Himbi hadi Mugunga, kina kengele ndogo iliyochimbiwa ardhini, kimo cha mtoto anayetambaa. Hewa ya mazuku ikipanda, kengele inalia. Mama ananyanyua mtoto, mbuzi wanafunguliwa, maisha yanaendelea. Kisha usiku mmoja, saa nane, kengele za mji mzima zinalia kwa pamoja. Hakuna anayejua kama ziwa Kivu limegeuka au kengele zimeharibika. Hapo ndipo alipoachia. Chini ameandika kwa kalamu nyekundu: mwalimu, sijui niimalize namna gani.

Nilimsomea Mama jioni hiyo kwa taa ya simu. Mama ameuza samaki wa sambaza katika soko la Kituku tangu sijazaliwa. Alisikiliza mpaka mwisho, mikono yake ikiendelea kuchambua maharage, kisha akauliza:

“Huyo mtoto anatabiri?”

“Hapana, Mama.”

“Sasa anasema mambo ya mwaka 2077 kama nani? Kesho ni ya Mungu, mwanangu.”

Ninafundisha Kifaransa na dini, na swali hilo lilinikuta katikati ya vyote viwili. Je, kiumbe ana ruhusa ya kutunga kesho? Na kama anayo, kazi hiyo inatofautianaje na ile ya manabii ambao kila mwaka wanasimama mbele ya vipaza sauti na kuutangazia mji huu siku ya moto wake?

Nadhani Kiswahili kimelijibu nusu ya swali katika vitenzi vyake. Nabii husema kwa -ta-: mlima utapasuka, mji utateketea. Bibi anayesimulia jioni husema kwa -li- na -ka-: sungura alikwenda, akamkuta fisi, akamdanganya. Bunilizi ya kisayansi, kama wasomi wa Kiswahili wanavyoiita, huishi katika -ki- na -nge-. Kengele zikilia zote, tutafanya nini? Ziwa lingegeuka, nani angebaki kusimulia? Mtunzi hadai kwamba kesho anaijua. Anaweka sharti, halafu analifuata kwa uaminifu mpaka limfikishe, hata kama pale alipofika hapampendezi.

Sharti peke yake halitoshi, lakini. Mwaka 1951 Shaaban Robert alitoa Kusadikika, habari za nchi iliyo angani, na jina lenyewe limetoka katika kusadiki, neno tunalolitumia kanisani tunapoikiri imani. Msomaji haulizi nini kimeishika nchi ile isianguke, wala mtunzi hahitaji kusema. Anataka tuwatazame wanaomhukumu mshitakiwa Karama, tusitazame chini ya miguu yao. Jonathan Swift naye, mwaka 1726, aliandika kisiwa cha Laputa kinachoelea angani, lakini yeye alisimama kueleza kwamba ndani yake mna sumaku kubwa, na kwamba wakiielekeza huku kisiwa kinapanda, wakiielekeza kule kinashuka. Sumaku haiwezi kubeba kisiwa. Ila swali limeulizwa na kujibiwa kwa elimu iliyokuwepo zama zile. Mpaka ninauweka hapo: katika bunilizi ya kisayansi msomaji ana haki ya kuuliza kitu kimeshikwa na nini, na mtunzi ana wajibu wa kujibu. Darko Suvin, mzaliwa wa Zagreb, ambaye kitabu chake cha mwaka 1979 bado hutajwa kila fasili hii inapojadiliwa, alitaka mambo mawili yaende pamoja: ugeni wa dunia inayosimuliwa, na akili inayoufafanua ugeni huo.

Mimi nilifundishwa hayo mawili na Babu, nikiwa na miaka tisa.

Alikuwa na shamba karibu na Lac Vert, magharibi ya mji. Alfajiri moja, kabla jua halijapanda, alinishika mkono mpaka kwenye shimo la mawe ya lava ambalo kina chake hakikufika kiunoni mwake. Ndani alilala mjusi chali, na ndege mdogo, na panya. Hapakuwa na damu wala jeraha. Hapakuwa na nzi. Babu aliwasha karatasi, akaishusha polepole kwa ncha ya fimbo. Ilipofika usawa wa goti lake moto ukakatika, kama mtu ameubana kwa vidole. Akaipandisha, akaiwasha tena, akaishusha. Ukafa palepale, kwenye mstari uleule ambao macho yangu hayakuuona. “Mazuku yamelala hapa,” akaniambia. “Jua likitoka na upepo ukija, yataamka yaende. Mtu mzima akisimama anapona. Akiinama kuokota kitu, hainuki.”

Leo wataalamu wa volkano wa nchi nyingine wanalitumia neno letu hilohilo, mazuku, bila kulitafsiri. Wanamaanisha mashimo yanayokusanya kaboni dioksidi itokayo ardhini: hewa isiyo na rangi, nzito kuliko ile tunayovuta, ambayo usiku usio na upepo hujaa shimoni kama maji kwenye beseni. Wazee wengi waliyasema mazuku kama upepo mbaya wenye nia yake. Elimu ilipokuja haikuufuta mstari wa Babu. Uko usawa wa goti, na moto unakufa palepale. Kilichoongezeka ni uwezo wa kuuliza zaidi. Mstari ukipanda hadi kifuani? Ukipanda usiku, mji wote umelala? Kile kisichoonekana chenye nia kimekuwa kisichoonekana chenye kipimo, na hofu haikupungua hata kidogo. Kwangu mimi fasihi hii huzaliwa pale mzuka unapopata kipimo bila kuacha kutisha.

Historia yake yenyewe ina mlima ndani. Aprili 1815 volkano ya Tambora, katika kisiwa cha Sumbawa, Indonesia ya leo, ililipuka. Iliyoyarusha angani yakafifisha jua, na mwaka 1816 Ulaya ilikosa kiangazi: baridi, mvua, mavuno mabovu. Kando ya ziwa la Geneva kikundi cha vijana kutoka Uingereza kilizuiwa ndani na mvua hiyo. Mshairi Byron akapendekeza kila mmoja atunge hadithi ya mizuka. Kati yao alikuwemo msichana wa miaka 18 tunayemjua leo kwa jina la Mary Shelley. Aliombwa mzuka, yeye akaleta mwanafunzi wa sayansi aliyeunganisha viungo vya maiti na kuvitia uhai, wakati ambapo watu wenye elimu walikuwa wakibishana kama umeme, ulioweza kuchezesha misuli ya mfu, ndio asili ya uhai. Frankenstein ilichapishwa 1818. Brian Aldiss, mwandishi Mwingereza, alishikilia mwaka 1973 kwamba fani ilianzia hapo. Wapo wanaorudi nyuma hadi kwa Lukiano wa Samosata, karne ya pili, aliyewafikisha mabaharia mwezini, lakini Lukiano mwenyewe alitangaza tangu mwanzo kwamba anaongopa. Niko na Aldiss. Mlima umepasuka mbali, jua limefifia, watu wamejifungia ndani kando ya ziwa wakiulizana uhai ni mali ya nani: mtu wa Goma hahitaji kuelezwa mara mbili.

Nilimsimulia Mama kisa hicho nikidhani kitamtuliza, kumbe nimempa silaha. Si huyo aliyejifanya Mungu? Nikamwambia asikilize vizuri. Yule kijana Victor alipoona kiumbe chake kimefumbua macho, alikimbia. Alikiacha bila jina, bila neno. Mary Shelley, aliyefiwa na mama yake siku chache baada ya kuzaliwa, na ambaye alikuwa amekwisha kuzika mtoto wake wa kwanza, alijua uzito wa kuachwa. Mimi nimekisoma kitabu hicho mara tatu na ninaona kinamlaumu muumbaji kwa kutoroka kuliko kwa kuumba. Mama alinyamaza kidogo. “Basi ni kitabu cha mzazi,” akasema.

Jina la fani lilichelewa. Hugo Gernsback, mzaliwa wa Luxembourg aliyehamia Marekani, alianzisha Aprili 1926 gazeti la Amazing Stories kwa ajili ya hadithi za aina hii tu, na tangu hapo wachapishaji na wasomaji wakawa na kabati lao. Lakini kuna ukurasa mmoja wa kabla ya Gernsback ambao kila mwaka lazima niufikie darasani, na kila mwaka huniuma.

Mwaka 1863 Jules Verne alitoa riwaya ya puto linalovuka Afrika, kitabu cha kwanza katika mfululizo uliomfanya maarufu. Safari inaanzia Zanzibar. Ndiyo, moja ya nguzo za fani hii ilipaa kutoka pwani yetu ya Kiswahili. Puto linafika Kazeh, yaani Tabora, na wenyeji wanalitazama na kudhani ni mwezi umeshuka, na wasafiri ni wana wa mwezi. Wanawapigia magoti. Halafu mwezi wenyewe unachomoza, udanganyifu unajulikana, wageni wanakimbilia kamba zao.

Verne hakuwahi kufika Afrika Mashariki. Angefika, angekuta mji wa misafara, wafanyabiashara Waislamu waliofunga na kufungua kwa kuuona mwezi mwandamo, na wenyeji Wanyamwezi, ambao jina lao lenyewe limebeba mwezi. Hao ndio wasiojua mwezi? Nawaambia wanafunzi waitazame vizuri ile picha. Ndani ya puto yumo mtu anayejua gesi, anayejua upepo, anayesema “ikiwa”. Chini wamo watu waliopewa kushangaa tu. Fani iliyodai kufuata elimu iliiacha elimu mara tu ilipotutazama sisi. Kumpigia Verne kelele hakunisaidii kitu, kwa maana nampenda, na kitabu chake cha 1864 cha kuteremka ndani ya volkano niliwahi kukisoma usiku kucha huku Nyiragongo ikiwa imewasha anga dirishani. Ninachotaka ni mwanafunzi wa Goma aingie kwenye kikapu cha puto.

Wengine wamekwisha kuingia. Emmanuel Dongala wa Kongo-Brazzaville, mwanakemia kwa taaluma, mwaka 1982 aliwaleta viumbe kutoka anga za mbali na kuwalainisha kwa muziki wa jazi na mvinyo wa mawese. Euphrase Kezilahabi, katika Nagona ya 1990 na Mzingile ya 1991, alikaribia kabisa mwisho wa dunia na maswali ya Mungu, ingawa mimi namwita mwanafalsafa kabla ya kumwita mtu wa bunilizi ya kisayansi. In Koli Jean Bofane, mwaka 2014, aliandika Congo Inc., ambamo kijana wa msituni anajifunza kupora madini kwa mchezo wa kompyuta. Madini hayo si ya kubuni. Koltani inayochimbwa Rubaya, kule Masisi, hutoa tantalumu, chuma kilichopewa jina mwaka 1802 na mkemia Msweden Anders Ekeberg, kwa kumkumbuka Tantalo, yule wa Wagiriki aliyeadhibiwa kusimama majini asiweze kunywa. Kila asubuhi napishana na chukudu zilizopakia bidoni za njano, zikipandisha maji kutoka ziwani kwenda kwenye kartie zisizo na bomba, na wenye bidoni wana simu mifukoni zenye chembe za chuma hicho. Ekeberg hakuwa akiandika hadithi.

Kuna kisa kingine ambacho, nadhani, kila Mkongomani angepaswa kukijua. Mwaka 1914 H. G. Wells alichapisha riwaya, The World Set Free, ambamo mataifa yanarushiana mabomu yanayotokana na nguvu ya atomu. Jina “bomu la atomu” alilitumia humo. Ilikuwa -ki- tupu: chembe ikifunguliwa, itakuwaje? Mwaka 1932 mwanafizikia Mhungaria Leo Szilard aliisoma. Mwaka uliofuata, akiwa London, aliona jinsi chembe moja ikipasuka inavyoweza kupasua nyingine, na hiyo nyingine, bila kukoma. Ilibaki kupata jiwe. Jiwe bora kuliko yote lilikuwa kwetu, Shinkolobwe, Katanga. Sehemu kubwa ya uraniamu ya mradi wa bomu la Marekani ilitoka katika shimo hilo, imechimbwa na mikono ya Wakongomani ambao hakuna aliyewaambia wanachimba nini. Julai 1945 Szilard aliandika ombi, wanasayansi wenzake wakatia sahihi, kwamba bomu lisitumiwe hivihivi tu. Tarehe 6 Agosti likaangushwa Hiroshima.

Kisa hicho kimenikosesha usingizi. Wells aliandika ili watu waogope, na mmoja wa wasomaji wake akaona njia. Mtu akiniuliza kama kutunga kesho ni kazi isiyo na dhambi, siwezi kujibu kwa urahisi. Neno likishatoka lina miguu. Hata hivyo, nikiitazama ile safari kutoka kitabuni hadi Hiroshima, naona kwamba katika mnyororo wote walionyimwa “ikiwa” ni wachimbaji. Hawakupewa nafasi ya kuuliza jiwe hili likifika huko litafanya nini.

Basi nirudi kwa Mama na kesho yake ya Mungu, kwa kuwa sikutaka kumshinda kwa maneno. Sisi sote hapa tukipanga jambo husema “Mungu akipenda”. Mtume Yakobo katika waraka wake anawakemea wafanyabiashara wanaotangaza wataenda mji fulani, watakaa mwaka, watapata faida. Anawataka watangulize sharti la mapenzi ya Mungu. Sikiliza kitenzi: a-ki-penda. Heshima yetu kwa Mungu kuhusu kesho imekaa katika silabi ileile anamokaa mtunzi wangu wa kengele. Anayesema -ta- bila sharti ndiye anayegusa kisichokuwa chake.

Na hata -ta- ya manabii wa kweli, nadhani, ilificha -ki- ndani. Yona alipeleka Ninawi ujumbe usio na shaka: siku 40, mji umekwisha. Watu wakavaa magunia, kuanzia mfalme mpaka mifugo, na baada ya siku 40 mji ulikuwa umesimama. Yona akakasirika hadi akaomba kufa.

Nilimwelewa Yona mwaka 2021. Jioni ya tarehe 22 Mei Nyiragongo ilipasuka, lava ikashuka hadi Buhene, karibu na uwanja wa ndege, ikasimama. Tarehe 27 serikali ya mkoa ilitangaza kartie kumi zihame mara moja, kwa sababu magma ilikuwa imejipenyeza chini ya mji na chini ya ziwa. Kwetu, ziwa kugeuka si fumbo. Chini ya Kivu zimeyeyuka takribani kilomita za ujazo 300 za kaboni dioksidi na 60 za methani. Katika ziwa Nyos, Cameroon, ambalo ni dogo sana mbele ya letu, kaboni dioksidi hiyohiyo ilitoka usiku wa tarehe 21 Agosti 1986 na kuua watu wapatao 1,700. Kwa hiyo tulitembea, maelfu kwa maelfu, kuelekea Sake, Mama akiwa na godoro kichwani, mimi na daftari za wanafunzi ambazo sijui kwa nini nilizibeba. Mlipuko wa pili haukuja. Tuliporudi, nilisikia njiani watu wakisema wataalamu walidanganya, na kanisani wengine wakasema maombi yao yaliuzima moto. Hakuna aliyetamka kwamba huenda onyo lilikuwa sahihi na bado lisitimie. Akili zetu zilikuwa na vyumba viwili tu, unabii na uongo. Nakitamani chumba cha tatu, na ninaamini hadithi kama ya yule mwanafunzi ndizo zinazokijenga, kwa kuwa zinamzoeza mtu kukaa na onyo bila kuliabudu wala kulitukana. Katika mlipuko uliotangulia, Januari 2002, lava iliteketeza kanisa kuu la Mtakatifu Yosefu pamoja na baa za jirani. Aliyekuwa na maelezo mepesi ya hasira ya Mungu alipaswa kuyaacha siku ile.

Hayo yote nilimwambia Mama kwa siku kadhaa, vipande vipande, kati ya jiko na soko. Hakunijibu. Jumapili, baada ya misa, tukiwa tunateremka barabarani, akasimama ghafla.

“Zile kengele,” akasema. “Za Gisenyi, ng'ambo ya mpaka, nazo zililia?”

Sikumwelewa.

“Ziwa ni moja. Likigeuka, litageuka kwa wote. Kama za Gisenyi zimelia usiku uleule, watu wapande mlimani. Kama zimenyamaza, basi ni za kwetu zimeharibika, watu walale.”

Jumatatu nilimrudishia kijana daftari lake pamoja na swali la Mama. Alilisoma akiwa amesimama, akavuta dawati, akakaa, akafungua ukurasa wa kengele. Alifikiri muda mrefu, kalamu mdomoni. Kisha akainua kichwa akaniuliza kama mwaka 2077 mpaka utakuwa bado unafungwa usiku.